Kolwezi: Kabla ya kumnunulia mbwa wa kuwinda mkanda wa GPS, tazama haya

Mbwa anapochomoka nyuma ya ndezi katika majani marefu ya upande wa Mutshatsha ama Lubudi, mwenyewe anabaki na masikio tu. Anapiga mluzi, anaita, anangoja. Mara nyingi mbwa anarudi. Siku ambayo harudi, hakuna anayejua kama amenaswa na kitanzi cha waya, kama ametumbukia katika shimo la zamani la madini, ama kama yuko hai mahali fulani nyuma ya uzio wa kampuni.

Ndiyo sababu wawindaji wa Lualaba wanaopeleka mbwa porini wana haki ya kujiuliza kama mikanda ya shingo yenye GPS, ambayo wawindaji wa Marekani na Ulaya wanaitumia tangu miaka mingi, inafaa kwetu. Jibu ni ndiyo, lakini si mikanda yote, na si kwa bei yoyote.

Wazo lenyewe si geni kwetu. Katika misitu ya Kongo, wawindaji walifunga kengele ya mti kwenye mbwa wao ili wasikie anakopita, na hadi Ituri desturi hiyo inajulikana. Mbwa wa kienyeji ambao wazungu waliwaita Basenji hawabweki kama mbwa wengine. Bila kengele wanapotea kimya kimya. Basenji wa Kongo walipelekwa Uingereza, na mwaka 1937 walionyeshwa kule katika mashindano ya Crufts. Kengele zao leo zinalala katika vioo vya makumbusho ya Ulaya. Kengele haikuhitaji betri.

Mikanda inayouzwa leo ni ya aina mbili kubwa, na kosa la kwanza la mnunuzi ni kuzichanganya. Zote zinapata mahali mbwa alipo kwa njia ya setilaiti, na hiyo ni bure, popote duniani. Tofauti iko katika swali la pili: habari hiyo inakufikia kwa njia gani?

Aina ya kwanza inatuma habari kwa rezo ya telefone. Ndani yake kuna kadi ya SIM, na kila mwezi ama kila mwaka unalipa. Katika mitaa ya Dilala na Manika itafanya kazi vizuri, na kando ya barabara ya Likasi pia, kwa sehemu nyingi. Lakini ukiacha barabara na kuingia porini, rezo inakufa, na pamoja nayo mkanda. Mtu anayetafuta mbwa wa kulinda nyumba anaweza kuuchukua. Mwindaji asiutegemee. Hata uhakikishe kwanza kama mwenye kuuza anatoa huduma katika inchi yetu, maana mikanda mingi ya aina hii inakuja na SIM ya kampuni yenyewe, na Kongo haiko kila mara kwenye orodha yao.

Aina ya pili inatuma habari kwa redio, moja kwa moja kutoka shingo ya mbwa hadi kifaa kilicho mkononi mwako. Hakuna SIM, hakuna malipo ya mwezi. Hii ndiyo ya porini. Majina yanayojulikana zaidi ni Garmin, kwa vifaa vyake vya Alpha, na Dogtra, kwa mkanda wake Pathfinder ambao unaonyesha mbwa kwenye telefone yako mwenyewe. Kwenye Alpha unaweza kufuata mbwa hadi 20, na mahali pa mbwa panabadilika kwenye skrini kila sekunde mbili na nusu ukitaka.

Makaratasi ya wauzaji yanasema kilomita 14 na zaidi. Usiyaamini hivyo hivyo. Umbali huo ni wa mahali wazi, bila kilima wala mti katikati. Ndani ya miombo iliyofunga, ama kama mbwa ameshuka bondeni na wewe uko upande mwingine wa kilima, umbali unapungua sana. Mbwa akipotea kwenye skrini, usimkimbilie. Panda juu, kwenye kichuguu kikubwa ama kilima, inua antena, na ngoja.

Vile vitufe vidogo vya kufunga kwenye funguo, vinavyouzwa rahisi, havina GPS ndani. Vinategemea telefone za watu wanaopita karibu. Porini hakuna anayepita.

Kisha kuna swali ambalo wachache wanauliza: masafa ya redio. Mkanda uliotengenezwa kwa soko la Marekani hautumii masafa sawa na ule wa Ulaya, na viwili hivyo havisikilizani. Mtu akinunua kifaa cha mkononi Dubai na mkanda wa akiba Johannesburg, anaweza kubaki na vitu viwili vya bei visivyozungumza. Nunua vyote pamoja, katika sanduku moja. Na hapa kwetu masafa yanasimamiwa na ARPTC. Kabla ya kuagiza, ni vizuri kuuliza huko, kwa sababu kinachoruhusiwa bila karatasi Marekani si lazima kiruhusiwe Kongo.

Bei? Pathfinder inauzwa Marekani karibu dola 400, na Alpha pamoja na mkanda wake inapita dola 700. Hapo hatujahesabu usafiri na duane. Kwa pesa hizo familia ya Kolwezi inafanya mambo mengi. Maoni yangu: mwenye mbwa ambaye bado hajalipa chanjo ya kichaa cha mbwa aanze na chanjo. Mkanda unaweza kungoja.

Betri nayo inahitaji hesabu. Mikanda mingi ya redio inakaa saa 20 hadi 40, kufuatana na jinsi unavyoiomba habari. Ukiiweka itume pole pole, inadumu zaidi. Anayelala porini siku tatu atahitaji betri ya akiba ama kibao cha jua. Inchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya ulimwengu, sehemu kubwa kutoka hapa Lualaba, na betri kama hizi zinatengenezwa kwa kobalti. Yetu inaondoka kwa lori, inarudi shingoni mwa mbwa kwa dola 700, na tunatafuta umeme wa kuichaji.

Mikanda mingine ina pia sehemu ya kufunza: mlio, mtetemo, na umeme mdogo. Hapa wengi wanaharibu mbwa. Umeme hautumiwi kumfundisha mbwa amri mpya. Mbwa asiyejua maana ya “rudi” akipigwa umeme atafikiri ni majani, ama mbuzi, ama wewe mwenyewe ndiye uliyemuumiza, na mbwa wa kuwinda anayeogopa majani hana kazi tena. Mfunze kwanza kwa kamba ndefu na chakula, majuma kadhaa. Kisha tumia mlio ama mtetemo. Umeme, kama ni lazima, uanze chini kabisa, kwa jambo moja tu kama kumzuia kufukuza mbuzi wa jirani. Wales iliukataza kabisa tangu 2010. Na usiuache mkanda shingoni siku nzima: vyuma vyake vinachimba kidonda.

Mwisho, sheria. Sheria ya uwindaji ya 28 Mei 1982 inadai ruhusa, na ile ya 2014 juu ya kuhifadhi viumbe inalinda mbuga. Upemba, mbuga tangu 1939 na moja ya mahali pa mwisho penye punda milia katika Kongo, haina nafasi kwa mbwa wa mwindaji. Mbwa hajui mpaka. Skrini inaujua, kama umeweka ramani. Kumbuka pia kwamba kifaa kinaandika kila njia uliyopita. Mlinzi wa mbuga akikuta mstari wako unaingia ndani, kifaa chako mwenyewe kitakushitaki. Mambo ni hayo hayo kwa maeneo ya makampuni: mbwa akivuka uzio, usiruke nyuma yake usiku ukiwa na bunduki ama panga. Nenda langoni mchana, onyesha skrini kwa walinzi, waombe wakusindikize.

Kabla ya safari ya kwanza, funga mkanda kwa mtoto mkubwa wa nyumba, mwambie atembee hadi nyuma ya kilima, nawe umtafute kwa skrini. Ukishindwa kumpata yeye, mbwa hutampata.