Manyoya ya Mshale Yasiyomshtua Mnyama

Manyoya ya mshale yana kazi moja kubwa: kuushika mkia wake usiyumbe ili chembe kitangulie moja kwa moja hadi shabahani. Hewa ikiyapiga, huuvuta mkia nyuma, na yakiwa yamebandikwa kwa mshazari huuzungusha mshale pia. Lakini hewa hiyo hiyo ndiyo inayotoa mlio. Kwa anayepiga shabaha ya majani makavu uwanjani, mlio huo haumdhuru mtu. Kwa mwindaji, unaweza kuharibu kila kitu.

Upinde wa jadi, yaani ule wa mti mmoja au wa tabaka za mbao zilizounganishwa kwa gundi, usio na roda wala kioo cha kulengea, hurusha mshale mzito kwa mwendo wa karibu mita 50 kwa sekunde. Sauti huenda mita 340 kwa sekunde. Mnyama aliye umbali wa mita 18 husikia mlio wa upote baada ya sehemu ya ishirini ya sekunde hivi, ilhali mshale wenyewe humfikia baada ya zaidi ya theluthi ya sekunde. Katika nafasi hiyo finyu, kulungu wa mkia mweupe wa Amerika ya Kaskazini, ambaye masikio yake hunasa hata sauti nyembamba asizosikia binadamu, anaweza kukunja miguu na kushusha kifua ili aruke. Mshale ukimpita juu ya mgongo, hakuna hasara. Ukimpata pasipostahili, ataondoka na jeraha na kufia mbali baada ya mateso. Kwa hiyo ukimya wa mshale ni haki anayostahili mnyama, na mwindaji asiutafute tu ili arudi na nyama.

Mlio wa upote husikika mara moja ukaisha. Mlio wa manyoya ni wa namna nyingine: ni mvumo unaoendelea na kukua kadiri mshale unavyosogea. Wawindaji wa Marekani, ambako uwindaji wa namna hii una wafuasi wengi, hupunguza mlio wa upote kwa kufunga vishada vya sufu au manyoya ya mnyama aitwaye biva juu yake. Mvumo wa mshale unapunguzwa penye mshale wenyewe, na hapo ndipo umbo la unyoya linapoingia.

Maumbo yanayotumika sana ni mawili. La kwanza lina mgongo wa mviringo: linapanda polepole kutoka mbele, linafika kimo, kisha linateremka taratibu hadi mwisho. La pili huitwa la ngao, kwa kuwa nyuma limekatwa ghafla kwa mkunjo wa ndani na kuacha ncha ndefu inayochomoza. La ngao linapendeza macho, na wengi hulichagua kwa sababu hiyo. Kwa ukimya, la mviringo linalishinda. Ukishika unyoya karibu na macho utaona kwa nini. Nyuzi zake hazisimami wima juu ya ugongo, bali zimelala kuelekea nyuma, na kila uzi umeshikana na mwenzake kwa vikulabu vidogo mno. Ncha ya ngao imetengenezwa na nyuzi zilizotokea mbele zaidi, hivyo inaning'inia bila ugongo chini yake. Hewa ikiacha unyoya mahali pale palipokatwa ghafla, huvurugika na kuitikisa ncha hiyo, nayo ikavuma. Vikulabu vikiachana, hali huwa mbaya zaidi. Umbo la tatu, linalofananishwa na ndizi, ni refu na fupi kwa kimo, na mteremko wake wa nyuma ni mrefu. Wengi wanaotafuta kimya huishia kwenye hilo, nao wana sababu nzuri.

Mjadala huu si wa jana. Mwaka 1545 Mwingereza Roger Ascham alichapisha kitabu cha upigaji upinde, Toxophilus, na ndani yake akajadili namna za kukata manyoya ya bata bukini, akilinganisha mgongo uliobinuka juu na ule uliobonyea. Wa kwanza alisema unakusanya hewa zaidi, wa pili unaruka kwa ulaini.

Si umbo tu, hata ndege anayetoa manyoya huchaguliwa. Huko California, Ishi, wa mwisho wa watu wa Yahi, alijitokeza karibu na mji wa Oroville mwaka 1911. Daktari Saxton Pope alijifunza kwake kutengeneza pinde na mishale, na baadaye akaandika kwamba Ishi alitumia manyoya ya tai na mwewe, na kwamba wenyeji wa asili walionekana kuepuka ya bundi kwa kuogopa nuksi, imani ambayo msomaji wa Afrika Mashariki ataielewa bila kuelezwa. Ndege huyo ndiye bingwa wa kuruka kimya: ukingo wa mbele wa bawa lake una meno kama ya kitana, na uso wake una malaika laini. Hata hivyo, ulaini huo huo unayafanya manyoya yake kuwa dhaifu kwa mshale. Isitoshe, sheria ya Marekani ya mwaka 1918 ya kulinda ndege wahamao inakataza kuwa na manyoya ya bundi, tai au mwewe. Mishale ya leo ya upinde wa jadi huvishwa manyoya ya mabawa ya bata mzinga, yaliyo magumu kiasi na yanayojikunja yanapogusa upinde, tofauti na plastiki inayougonga na kuruka upande.

Baada ya umbo huja ukubwa. Unyoya mrefu na wa juu una nguvu ya kuongoza, ila unavuma. Chembe kipana cha kuwindia kinahitaji uongozi huo, kwa sababu bapa zake hukamata hewa mbele na kutaka kuupotosha mshale. Manyoya matatu ya sentimita 12 au 13 ni ya kawaida. Njia nzuri ya kupunguza mlio ni kubaki na urefu huo na kushusha kimo hadi sentimita moja hivi. Wengine huweka manyoya manne ya sentimita 10. Mshazari nao uwe wa kiasi, kwani unapozidi mshale huzunguka kwa kasi na kelele huongezeka. Manyoya yote ya mshale mmoja yatoke bawa la upande mmoja, la kushoto au la kulia, la sivyo mikunjo yake ya asili itapingana.

Mara nyingi manyoya hulaumiwa bure. Chembe chenye matundu kwenye bapa hupiga mluzi. Mshale ambao ugumu wa uti wake haulingani na nguvu ya upinde hutoka ukienda upande upande, na hakuna umbo litakaloutuliza. Kwa hiyo hujaribiwa kwanza bila manyoya, kutoka mita 10 hadi 15. Ukienda moja kwa moja, hata unyoya mdogo utatosha. Ncha ya mbele ya ugongo nayo isuguliwe iwe nyembamba, kisha ifungwe uzi na kupakwa gundi, maana ikiinuka kidogo tu huvuma.

Ili kujua mshale upi ni mkimya, simu yenye kinasa sauti huwekwa nyuma ya kinga imara karibu na shabaha, kisha hurushwa mishale ya maumbo mbalimbali na kulinganishwa. Manyoya yaliyochakaa yajumuishwe kwenye jaribio hilo. Yaliyopindika tu hushikiliwa juu ya mvuke wa birika linalochemka, yakanyooka na nyuzi zikashikana tena. Yaliyonyofoka hubanduliwa na kuwekwa mapya kabla ya msimu wa uwindaji kufunguliwa.