Panda Miche 3 ya Mpapai Shimo 1

Ndugu mkulima, ukipanda mche mmoja tu wa mpapai, huenda ukawa dume. Utapalilia miezi mingi usile papai.

Chimba shimo la futi 2. Changanya udongo na debe 1 la samadi iliyooza. Panda miche 3. Shimo hadi shimo iwe meta 3. Epuka mahali panapotuama maji, maana mizizi huoza.

Ngoja maua. Ya dume huning'inia kwenye vikonyo virefu. Ya jike hukaa karibu na shina. Acha jike 1 kila shimo. Shambani bakiza dume 1 kwa majike 10 hivi, ili majike yazae.

Jihadhari na utomvu mweupe. Huwasha ngozi na kuumiza macho. Ukikupata, nawa kwa maji mengi.