NGOZI YETU: KITABU KIMOJA, KURASA NYINGI

Tazameni kiganja cha mkono, kisha geuzeni mkono mtazame mgongo wake. Kiganja ni cheupe kuliko mgongo wa mkono. Ngozi yake ni nene, wala haioti unywele. Mgongo wa mkono ni mweusi zaidi, ngozi yake ni nyembamba, tena ina vinyweleo. Hata hivyo mkono ni mmoja na mtu ni mmoja. Urithi alioupata kwa baba na mama ni ule ule upande huu na upande ule. Basi, tofauti hiyo imetoka wapi?

Swali hili laonekana dogo, lakini kulijibu kumewachukua wataalamu miaka mingi. Na mwaka 2015 elimu hiyo iliokoa mtoto mmoja aliyekuwa karibu kufa. Tutaeleza kwanza jinsi ngozi inavyojijenga, kisha tutasimulia habari za mtoto huyo.

Kitabu kilichomo ndani ya chembe

Mwili wetu wote umejengwa kwa chembe zilizo hai, ndogo hata jicho haliwezi kuziona bila hadubini. Ndani ya chembe mna kiini, na ndani ya kiini mna uzi mrefu mwembamba uitwao ADN. Uzi huo ni kama kitabu cha maagizo. Agizo moja huitwa jeni, na mwanadamu ana jeni zipatazo 20,000 zinazoiagiza chembe jinsi ya kutengeneza protini zake.

Sasa shikeni jambo hili: karibu kila chembe ina kitabu kizima. Chembe ya ngozi inayo maagizo ya kazi ya ini, lakini haifanyi kazi ya ini. Na chembe ya ini inayo maagizo ya ngozi, lakini haijengi ngozi. Kila moja husoma kurasa za kazi yake, na nyingine hufungwa. Ndivyo afanyavyo mwalimu wa kuimba: kitabu chake kina nyimbo za mwaka mzima, lakini leo hufungua zile za leo tu.

Kurasa hizo hufungwaje? Uzi wa ADN umezungushwa juu ya vibiringo vidogo sana vya protini, kama uzi wa mshonaji. Ulipokazwa mno, jeni haisomeki, ulipolegezwa, husomeka. Tena ziko protini ambazo kazi yake ni kushika mahali fulani pa uzi na kuamuru jeni fulani isomwe, au inyamazishwe.

Ya kuwa kurasa hufungwa wala hazipotei, tumepata ushahidi. Mwaka 1962 Mwingereza John Gurdon alieleza jinsi alivyotoa kiini katika chembe ya utumbo wa kiluwiluwi na kukitia ndani ya yai la chura lililoharibiwa kiini chake; baadhi ya mayai hayo yalitoa viluwiluwi. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani alitia jeni nne tu katika chembe za ngozi ya panya, nazo zikarudi katika hali kama ile ya chembe za mimba changa, zenye uwezo wa kuwa chembe za namna nyingi. Mwaka uliofuata ikafanyika vivyo hivyo kwa ngozi ya mwanadamu. Mwaka 2012 mabwana hao wawili walipewa pamoja Tuzo ya Nobel.

Safari kutoka chini hata juu

Ngozi ya juu imepangwa tabaka juu ya tabaka, kama mwashi apangavyo matofali. Chini kabisa pana utando mwembamba unaoishikamanisha na ngozi ya ndani, na juu ya utando huo zimekaa chembe mama. Hizo hugawanyika na kuzaa chembe mpya. Zikiwa bado zimeshika utando, husoma jeni za keratini ya 5 na ya 14, ambazo ni nyuzi za kuitia chembe nguvu.

Chembe ikiachana na utando na kupanda, kurasa hizo hufungwa, na za keratini ya 1 na ya 10 hufunguliwa. Ikipanda zaidi, hufunguliwa jeni za filagrini, ifungayo nyuzi pamoja, na za lorikrini, ijengayo ganda gumu kuizunguka chembe. Mwisho kiini chenyewe huvunjwa. Chembe hufa, lakini kufa kwake ni kazi: ganda lake hubaki juu, huzuia maji ya mwili yasipotee na vijidudu visiingie. Halafu huanguka kama vumbi, hasa tunapojisugua tukioga. Safari hiyo yote huchukua mwezi mmoja hivi, au zaidi.

Chembe hujuaje kwamba saa ya kubadili ukurasa imefika? Hupata habari kutoka pande zote. Hujua kwamba imeachana na utando. Kalisi huongezeka kadiri inavyopanda. Na chembe jirani huipa ishara kwa kuigusa.

Juu ya maagizo mengi ya ngozi pana jeni moja kama nyapara wa kazi, iitwayo p63. Mwaka 1999 wataalamu wa Marekani walionyesha jambo la kutisha: panya waliozaliwa bila jeni hiyo hawakuwa na ngozi ya tabaka. Maji ya mwili yaliwatoka, wakafa upesi baada ya kuzaliwa. Jeni moja imenyamaza, na nyumba nzima imekosa kuta!

Na kile kiganja je? Imeonekana kwamba chembe za ngozi ya ndani ya kiganja na ya wayo hutoa kwa wingi protini iitwayo DKK1. Protini hiyo hupunguza kazi ya chembe zinazotia rangi, na huizidisha ngozi ya juu unene. Tena katika kiganja na wayo husomwa keratini ya 9, ambayo kwingine hunyamaza. Urithi ni mmoja, lakini jirani wa chini anatoa amri nyingine.

Mtoto wa Bochum

Mwezi wa Juni 1915 ungalikuwa mapema mno kwa elimu hii. Lakini mwezi wa Juni 2015 ililetwa kesi yake katika mji wa Bochum, Ujerumani. Mtoto wa miaka 7, wa wakimbizi kutoka Syria, aliingizwa katika hospitali ya watoto. Tangu kuzaliwa ngozi yake ilikuwa ikitoka malengelenge kwa kuguswa tu. Jeni yake iitwayo LAMB3 ilikuwa na kasoro. Jeni hiyo huagiza sehemu moja ya laminini, protini inayoishikiza ngozi ya juu na ya ndani kama msumari unavyoshikiza ubao. Msumari ulikosekana, na ngozi ikabanduka. Vijidudu vikaingia, hata karibu asilimia 80 ya ngozi yake ya juu ikapotea. Waganga wa hospitali walijaribu kumbandika ngozi ya baba yake. Mwili wa mtoto uliikataa. Ikabaki kumpunguzia maumivu tu, na kungoja.

Wazazi wakaomba litafutwe jambo lingine. Ndipo waganga wakamwendea Michele De Luca na wenzake katika mji wa Modena, Italia. Walikata kipande kidogo cha ngozi isiyo na malengelenge, sentimeta 4 za mraba, wakazikuza chembe zake katika vyombo. Kwa kutumia virusi vilivyoondolewa madhara, wakazitia jeni ya LAMB3 iliyo nzima. Kutoka kipande kile wakapata ngozi ya kutosha kufunika karibu mwili wote. Waganga wa Bochum wakaibandika mwezi wa Oktoba na wa Novemba 2015, wakamalizia Januari 2016. Mwezi wa Machi mtoto alirudi shuleni. Habari zilizotolewa mwaka 2021, baada ya miaka mitano, zilisema ngozi hiyo bado ni nzima.

Tena mtoto huyo ametufundisha sote. Walipozichunguza chembe za ngozi mpya, waliona kwamba nyingi zilikwisha kupita na kuanguka. Ni chembe mama chache zilizobaki, nazo ndizo zinazoifanya ngozi upya siku zote.

Shauri kwa wazazi

Tiba hiyo ni adimu sana, wala hatuwezi kusema kwamba ipo katika kila hospitali. Lakini maarifa yake yanatufaa hata sisi. Akizaliwa mtoto ambaye ngozi yake hubanduka, wako watakaosema amelogwa, na wako watakaomwonyesha mama yake kidole. Wote wamekosa. Katika ugonjwa wa namna ya mtoto wa Bochum, baba na mama huwa na ngozi nzima. Kila mmoja ana nakala moja iliyo njema na moja yenye kasoro, bila kujua. Mtoto akipokea nakala mbaya kutoka pande zote mbili, huugua. Katika kila uzazi wa watu hao, mtoto mmoja kwa wanne aweza kuipata hali hiyo. Hapo mama hana hatia kuliko baba, wala baba kuliko mama.

Ugonjwa huo hauambukizi. Lakini si malengelenge yote ni ya namna hiyo. Mengine huambukiza upesi. Kwa sababu hiyo mpelekeni mtoto hospitalini bila kukawia, msipoteze siku na fedha kwa mpiga ramli. Anayetambuliwa kuwa na ngozi ya kubanduka avikwe nguo laini, ainuliwe polepole bila kusuguliwa, wala asibandikwe plasta yenye gundi. Na jirani zake wamkaribie bila hofu, wampakate, wacheze naye kwa upole. Kasoro imo katika ukurasa mmoja. Kurasa nyingine zote za mtoto huyo ni kama zetu.