BIASHARA HURIA AU BIASHARA YA HAKI?

Wahenga walinena kuwa mwenye nguvu mpishe. Je, mwanafunzi mwenzangu, na sokoni pia tumpishe? Katika makala haya nitaeleza mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa: biashara huria na biashara ya haki. Mfano wangu ni mbuta wa ziwa letu hapa Karungu.

Biashara huria ni ile ambayo serikali haipangi bei wala haizuii bidhaa mpakani. Muuzaji na mnunuzi hupatana wenyewe. Kenya imo katika Shirika la Biashara Duniani tangu lilipoanza mwaka 1995. Watetezi wake husema wanunuzi wakiwa wengi, bei hupanda. Si uongo. Mbuta aliletwa ziwani miaka ya 1950, na soko la ng'ambo lilipofunguka minofu yake ikasafiri hadi Ulaya. Ni nyumba ngapi hapa Sori zimeezekwa mabati, na karo ngapi zimelipwa, kwa pesa za samaki huyo!

Lakini hebu tazama pale ufuoni. Mvuvi hana nyavu wala injini. Ajenti humkopesha, kwa sharti kwamba samaki wote atamuuzia yeye, tena kwa bei atakayoitaja yeye. Ajenti mwingine akija na bei nzuri, mvuvi hubaki kutazama tu. Sasa huo uhuru uko wapi? Na mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku samaki wa ziwa hili kwa kuhofia sumu, hasara ilimshukia hata mvuvi aliyetumia nyavu halali.

Biashara ya haki hufuata njia nyingine. Alama yake ya kwanza ilibandikwa kwenye kahawa huko Uholanzi mwaka 1988. Mnunuzi huahidi bei ambayo haishuki chini ya kiwango fulani hata soko likianguka. Kwa kazi za mikono, kama zile za wachongaji wa mawe laini wa Tabaka kule Kisii, kanuni zake humtaka mnunuzi alipe nusu mapema, bila riba, akiombwa.

Wapinzani nao wana hoja. Wasio na alama huachwa nje, na bei nzuri peke yake haiwezi kurudisha mbuta waliopungua ziwani. Nakubali.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, funzo kubwa ni hiyo nusu inayolipwa mapema. Kinachomfunga mvuvi wetu ni deni kuliko bei. Wavuvi wakiweka akiba pamoja kupitia kamati ya ufuo, ile tunayoita BMU, wakajinunulia nyavu na mizani yao, watachagua wa kumuuzia. Hapo ndipo biashara huria itakuwa huria kweli.

Dawa ya deni ni kulipa, lakini kinga yake ni akiba. Mwenye maoni tofauti na anijibu katika toleo lijalo!