Juba ya kifaru: Mji uliobaki kwenye karatasi unasubiri mtunzi wake

AGOSTI 2010, miezi mitano kabla ya kura ya maoni ya uhuru, Serikali ya Sudan Kusini ilitangaza ramani za miji yake ya kesho. Juba ingejengwa upya kwa umbo la kifaru, Wau kwa umbo la twiga na Yambio kwa umbo la nanasi. Maumbo hayo yalifuata alama zilizomo katika bendera za majimbo.

Haukuwa mzaha. Ofisi ya rais ilipangiwa jicho la kifaru, makao makuu ya polisi yakapewa mdomo, bustani ya burudani sikio, viwanda mgongo, na makazi ya wananchi miguu yote minne. Gharama ilitajwa kuwa dola bilioni 10.1 za Marekani, wakati bajeti nzima ya Sudan Kusini mwaka huo ilikuwa karibu dola bilioni 1.9.

Kifaru huyo hakusimama. Hata hivyo, kwa mtunzi wa hadithi ramani zile bado ni mali. Ipo fani iitwayo historia mbadala, ambayo huuliza: ingekuwaje kama? Mtunzi huchukua historia ya kweli, hubadili tukio moja, kisha hufuata matokeo yake hadi mwisho. Mwaka 2006, Abdourahman Waberi wa Djibouti aliandika kwa Kifaransa riwaya ambamo Afrika ni tajiri na watu wa Ulaya ndio wakimbizi wanaobisha hodi. Kiswahili nacho kina Kusadikika ya Shaaban Robert, nchi ya angani iliyowasema watawala wa ardhini.

Tukio lipi ligeuzwe?

Juba ina njia panda nyingi. Ya kwanza ni Julai 30, 2005, siku helikopta ilipoanguka na kumuua John Garang, miezi michache baada ya mkataba wa amani. Garang alipendelea mji mkuu uwe Ramciel, katikati ya nchi.

Ya pili ni Septemba 2011. Baraza la Mawaziri liliamua kuhamishia mji mkuu huko huko Ramciel, takriban kilomita 250 kaskazini mwa Juba. Sababu mojawapo ilikuwa kushindwa kuafikiana na jamii ya Wabari kuhusu ardhi ya Juba. Ya tatu ni Desemba 15, 2013, usiku vita vilipolipuka.

Kila njia panda huzaa mji wake, na anayegeuza zote tatu kwa pamoja ataishia kuandika ndoto tupu. Anayegeuza moja atalazimika kujibu maswali magumu. Kama Wabari na serikali wangeafikiana, kwa masharti gani? Nani angehama, na angelipwa nini?

Jebel ndiyo kipimo

Majibu ya maswali hayo yako Jebel, magharibi mwa Juba, chini ya mlima wa mawe uitwao Jebel Kujur. Huko watu, wengi wao wanawake, huketi juani na nyundo wakivunja mawe kuwa kokoto za kuuzia wajenzi. Juba iliyopanuka kwa kasi baada ya 2005 imejengwa kwa kokoto za aina hiyo.

Hapo ndipo historia mbadala inapopata kisa. Kifaru wa zege angehitaji mlima mzima wa kokoto. Kama zingesagwa kwa mashine, wavunja mawe wangekosa kazi. Kama zingevunjwa kwa mikono yao, je, wangepewa nyumba miguuni mwa kifaru, au wangefukuzwa kazi ikiisha? Swali hilo lina mizizi katika historia ya kweli: mwaka 2009 nyumba nyingi zilibomolewa katika makazi yasiyopimwa ya Juba, na wenyewe wakatafuta pengine pa kujibanza.

Mtunzi anayesahau watu hao ataandika kitabu cha kuwatembeza watalii: barabara pana, taa, bustani sikioni. Mji usio na mgogoro hauna hadithi. Tena hauaminiki, kwani hata Dodoma, iliyoamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973 na kuchorewa mpango wake 1976, ilisubiri hadi 2016 ndipo serikali ikaanza kuhamia kwa kishindo.

Vifaru viwili

Anayeandika kisa hiki kwa Kiswahili ana bahati ya neno. Kifaru ni mnyama, na kifaru ni chombo cha vita; tofauti iko katika “huyu” na “hiki” tu. Aprili 2016 Sudan Kusini ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Miezi mitatu baadaye mapigano yalizuka upya Juba, na Jebel, palipo na kituo cha Umoja wa Mataifa na kambi ya waliokimbia vita vya 2013, ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopigwa zaidi. Mji ulioahidiwa kifaru huyu ukapata kifaru hiki.

Naye mnyama mwenyewe ana kisa chake. Sudan, dume wa mwisho wa faru weupe wa kaskazini, alikamatwa Shambe, Sudan Kusini, mwaka 1975 akiwa mdogo, akapelekwa Ulaya, na akafia Ol Pejeta, Kenya, Machi 2018.

Kwa hiyo mtunzi kijana wa Juba hana haja ya kubuni mengi. Ramani ipo, tarehe zipo, mlima upo. Kazi iliyobaki ni kumchagua mtu mmoja mwenye nyundo chini ya Jebel Kujur, kumfuata siku wapimaji wa ardhi wanapofika na kamba zao, na kusema kweli kuhusu watakachomwambia.