Saratani ya damu kwa watoto: Dawa ipo, kibarua ni kuimaliza

MTOTO wa miaka minne anapoanza kuchechemea ilhali hakuanguka, akakataa kucheza na wenzake na kupata homa inayokuja na kuondoka, jambo la kwanza ambalo mzazi wa Molo, Subukia au Marigat hulifikiria ni malaria. La pili ni homa ya matumbo. Saratani haimo katika hesabu hiyo, na si ajabu, kwa maana wengi wetu tumelelewa tukiamini kuwa saratani ni maradhi ya watu wazima.

Ilhali ipo saratani ya damu ambayo huwaandama watoto hasa, wengi wao wakiwa wa kati ya miaka miwili na mitano. Madaktari huiita lukemia kali ya limfoblasti. Huanzia ndani ya uboho wa mifupa, mahali ambapo damu hutengenezwa. Chembe changa nyeupe, ambazo zilipaswa kukomaa ziwe walinzi wa mwili, hukataa kukomaa na badala yake huzaana ovyo hadi zikajaza uboho wote. Chembe nyekundu hukosa nafasi, na mtoto akapauka viganja na kuchoka. Vigandisha damu hupungua, akawa anatokwa na damu puani na kuvilia damu ngozini bila kugongwa. Mifupa nayo huuma kwa sababu imefurika.

Dalili hizo zinakaribiana mno na za malaria: homa, upungufu wa damu, bandama iliyovimba. Mji wa Nakuru uko juu, zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na malaria haijashamiri huko kama ilivyo kandokando ya Ziwa Victoria au katika nyanda za chini za Baringo. Hata hivyo, mtoto mwenye homa hupewa dawa za malaria, kisha dawa za kuua bakteria, kisha akaongezewa damu na kurudishwa nyumbani akiwa na nafuu ya wiki moja. Watafiti wa Eldoret wamekuwa wakieleza kwa muda mrefu kwamba watoto wanaogunduliwa kuwa na lukemia magharibi mwa nchi ni wachache kuliko inavyotarajiwa kwa idadi ya watu, na wanashuku kuwa wengine hufariki wakiwa wameandikiwa maradhi mengine. Kipimo cha kuanzia wala si cha ajabu: ni hesabu kamili ya damu, pamoja na slaidi inayotazamwa kwa darubini na mtu mwenye jicho lililozoea.

Wanaougua maradhi haya sasa wana bahati ambayo watoto wa zamani hawakuwa nayo. Hadi miaka ya 1940 lukemia ilikuwa hukumu ya kifo ndani ya majuma au miezi michache. Mnamo 1948, daktari Sidney Farber wa Boston, Marekani, alitangaza kuwa amewapa watoto 16 dawa iitwayo aminopterini, na 10 kati yao wakapata nafuu ya kuonekana. Nafuu hiyo haikudumu, lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa kemikali kuirudisha nyuma lukemia kali ya watoto.

Dawa nyingine zikafuata. Merkaptopurini ilitoka katika maabara ya Gertrude Elion na George Hitchings, ambao walipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1988. Vinkristini ilitolewa katika ua dogo la rangi ya waridi lenye asili ya Madagaska, ambalo huenda msomaji analo mbele ya nyumba yake na kulimwagilia maji bila kujua sifa zake. Lakini kila dawa ikitumiwa peke yake, maradhi yalijificha kisha yakarudi. Ni Donald Pinkel na wenzake wa hospitali ya St. Jude mjini Memphis ambao, kuanzia 1962, waliamua kuziunganisha dawa zote na kuzitoa kwa awamu, bila kusahau ubongo na uti wa mgongo ambako chembe za saratani hukimbilia. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1970, karibu nusu ya watoto waliotibiwa kwa mpango huo walikuwa wakipona. Leo katika mataifa tajiri wanaopona ni takriban 9 kati ya 10.

Mpango huo wa awamu ndio unaotumika hadi leo, na inafaa mzazi auelewe. Awamu ya kwanza huchukua wiki nne au tano. Mtoto hupewa vinkristini, asparajinasi na dawa za jamii ya steroidi, na dawa nyingine huingizwa kwa sindano katika maji ya uti wa mgongo. Mwishoni mwa awamu hiyo watoto walio wengi huonekana wamepona kabisa. Homa imeisha, mashavu yamejaa, mtoto anakimbia uani.

Hapo ndipo palipo na mtego. Siku ya kwanza mwili wa mtoto huweza kuwa na chembe za saratani zinazokaribia trilioni moja. Darubini ikishindwa kuziona, haimaanishi zimekwisha; huenda zimebaki mamilioni kwa mamilioni. Mashine za kisasa zinaweza kuibaini chembe moja mbaya kati ya 10,000 nzuri, na kipimo hicho ndicho kinachowaongoza madaktari wa mataifa tajiri kuamua nani aongezewe dawa na nani apunguziwe. Kwa vyovyote vile, matibabu huendelea kwa miaka miwili hadi mitatu.

Miaka miwili hadi mitatu si mchezo kwa familia inayoishi Kuresoi au Njoro. Nakuru iko katikati ya njia: Nairobi, iliko Hospitali Kuu ya Kenyatta, ni mwendo wa kilomita zipatazo 160 upande mmoja, na Eldoret, iliko Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ni umbali unaokaribia huo upande wa pili. Nakuru ina hospitali yake ya rufaa, lakini wodi zenye wataalamu waliobobea katika saratani za watoto ziko hasa katika miji hiyo miwili. Nauli ya matatu ni ya watu wawili, kwenda na kurudi, na mzazi mmoja analala wodini ilhali ng'ombe wanangoja kukamuliwa na ndugu za mgonjwa wanangoja karo.

Utafiti uliofanywa Eldoret na Dkt Festus Njuguna, Dkt Saskia Mostert wa Uholanzi na wenzao uliweka wazi gharama ya hali hiyo. Walipofuatilia watoto waliogunduliwa kuwa na saratani za aina mbalimbali kati ya 2007 na 2009, walibaini kuwa zaidi ya nusu waliacha matibabu kabla ya kuyamaliza. Waliokuwa hai bila maradhi kurudi walikuwa karibu 1 kati ya 5. Watafiti hao hawakuishia kwenye faili. Walizitafuta familia na kuzihoji. Sababu zilizotajwa zaidi zilikuwa ukosefu wa pesa, kukosa bima na taabu ya usafiri. Imani kuwa mtoto amerogwa, ambayo watu wa mijini hupenda kuisingizia, haikuwa miongoni mwa hizo tatu. Watoto waliokuwa na bima ya NHIF walikuwa na nafasi bora ya kupona kuliko wasiokuwa nayo.

NHIF haipo tena. Nafasi yake ilichukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii mnamo Oktoba 2024, na familia isiyo na mshahara hutakiwa kulipa kulingana na mapato yake, kiwango cha chini kikiwa Sh300 kwa mwezi. Utafiti wa Eldoret unaonyesha ni kwa nini kujisajili kabla ya ugonjwa kubisha hodi si suala la makaratasi tu.

Utafiti wa pili wa Eldoret unahusu dawa zenyewe. Vinkristini huumiza mishipa ya fahamu. Mtoto hufa ganzi vidoleni na kushindwa kufunga vifungo vya shati. Madaktari waligundua kuwa watoto wa Kenya hawapatwi sana na madhara hayo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2018 yalionyesha kuwa wengi mno miongoni mwa watoto hao wamerithi kimeng'enya cha ini ambacho huivunjavunja vinkristini upesi. Huenda basi kipimo kilichopangwa kwa kutazama watoto wa Marekani na Ulaya ni kidogo mno kwa mtoto wa Kipsigis au wa Mluhya. Hilo ni swali ambalo halingeulizwa Memphis.

Kwa upande mwingine, kuiga mpango mzima wa nchi tajiri kunaweza kuua. Dawa kali hushusha kinga, na mtoto aliyekuja akiwa na utapiamlo, katika hospitali ambayo damu ya kuongezwa haipatikani kila siku, huweza kuuawa na maambukizi badala ya lukemia. Ndiyo maana wataalamu wengi hushauri nchi zetu zianze na dawa za kadiri, kisha zipande ngazi kadiri huduma zinavyoimarika. Kwingineko wamefika mbali: matokeo yaliyotolewa Desemba 2024 yalionyesha kuwa dawa ya blinatumomabu, inayoishika chembe ya saratani na kuisogezea askari wa mwili, ikiongezwa kwenye matibabu ya kawaida huwafanya watoto 96 kati ya 100 waishi miaka mitatu bila maradhi kurudi, badala ya 88. Bei yake haijaikaribia mifuko ya wakazi wa Bonde la Ufa.

Lakini sehemu ndefu zaidi ya tiba haihitaji chochote kati ya hayo. Ni vidonge vya merkaptopurini kila siku na vya methotreksati mara moja kwa wiki, vikimezwa nyumbani. Watafiti wa Marekani walihesabu na kuona kwamba mtoto anayekosa zaidi ya kidonge 1 kati ya 20 vya merkaptopurini yuko katika hatari kubwa zaidi ya maradhi kurudi. Kuviruka kwa wiki mbili kwa sababu ya mvua, mazishi au msimu wa kuvuna mahindi si jambo dogo.

Zamani wazazi walionywa wasimpe mtoto vidonge hivyo pamoja na maziwa, agizo zito katika nyumba ambayo chai bila maziwa huhesabiwa kuwa maji ya moto. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017 haukupata tofauti yoyote kati ya waliovimeza pamoja na maziwa au chakula na waliojizuia. Kinachobaki ni kwamba maziwa hayo yachemshwe, kwa kuwa mtoto aliye katika tiba hana kinga ya kupambana na vijidudu vya maziwa mabichi.