Baba anawapeleka Wazungu kreta, mwanawe hajaiona!

Ukisimama asubuhi kando ya barabara kuu ya Karatu utayahesabu mpaka uchoke. Ni magari ya watalii, yale ya paa la kufunguka, yanapita kwa mfululizo kuelekea geti la Loduare, ambako ndiko unakoingilia Ngorongoro. Chungulia ndani. Utamwona baba wa Kizungu kavaa kofia pana, mama kaning'iniza kamera shingoni, na watoto wawili watatu wamebandika pua kwenye kioo. Hao wametoka Uholanzi au Marekani huko, wamelala kwenye ndege, wamelipa madola kibao, yote hiyo ili wakashinde pamoja siku moja ndani ya shimo.

Sasa mtazame anayewaendesha. Huyo ni mtu wetu, bwana. Anaishi hapohapo Karatu, ana mke na watoto, na kwa kazi yake ni moto wa kuotea mbali: anajua simba wanalala wapi, anajua faru anapenda kujificha wapi, na majina ya ndege anayo kichwani kama sala. Jioni anarudi nyumbani kachoka hoi, watoto wameshalala, na kesho alfajiri anaondoka tena. Mwulize mwanawe wa darasa la nne kama amewahi kuiona kreta. Wengi watakujibu wameiona kwenye kalenda.

Si dereva peke yake. Mpishi wa kambi, mhudumu wa hoteli, muuza vinyago, hata yule anayefua mashuka ya lodji, wote mkate wao unatokana na familia za watu zilizokuja kustarehe na watoto wao. Ni mji unaoishi kwa kuburudisha watoto wa wenzao! Lakini hebu mwambie mwanaume wa hapo, "Mzee, Jumapili cheza basi na wanao." Atakutazama kama umemtukana. Mtu mzima akimbizane na watoto uwanjani, majirani watasemaje? Si wataona kachanganyikiwa?

Anayedhani haya ni mambo ya Kizungu akasome Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, sheria yetu wenyewe, iliyopitishwa na Bunge letu wenyewe. Kifungu cha 8 kinataja yale ambayo mzazi anawajibika kumpa mtoto: chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, uhuru, na haki ya kucheza na kupumzika. Umeona? Mchezo uko kwenye orodha moja na ugali. Tena Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa tangu 1991, na ibara ya 31 ya mkataba huo inasema hivyohivyo. Kuanzia 2024 wametenga hata siku yake, Juni 11, Siku ya Kimataifa ya Kucheza. Kweli, hakuna sheria inayosema baba avue viatu aruke kamba. Hilo ni la kwangu mimi.

Na kama kucheza kunashusha hadhi ya mtu mzima, sijui wale wanasayansi wa Laetoli tuwaweke wapi. Laetoli iko humohumo katika eneo la Ngorongoro, si mbali sana na Olduvai. Mwaka 1976, kwenye kambi ya mtafiti Mary Leakey, wasomi wazima na digrii zao walianza kurushiana mavi makavu ya tembo. Ndiyo, umesoma vizuri, mavi ya tembo! Mmoja wao, Andrew Hill, katika kukwepa akaanguka chini, na pale chini mbele ya macho yake akaona nyayo za wanyama wa kale zilizoganda kwenye majivu ya volkano. Miaka miwili baadaye, 1978, timu hiyo ikapata zile nyayo zilizotikisa dunia, za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili miaka kama milioni 3.6 iliyopita, mkubwa na mdogo wakiongozana. Kwamba walikuwa baba, mama na mtoto hakuna awezaye kuapa. Ila ukiutazama mfano wa nyayo hizo kwenye makumbusho ya Olduvai, wazo hilo litakujia tu hata kama hulitaki.

Tuje kwenye faida, maana najua Mbongo hafanyi kitu kabla hajauliza "na mimi napata nini hapo?"

Kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni maongezi. Mkalishe kijana wa miaka 14 sebuleni, umkazie macho, umuulize, "Shule vipi?" Utapata neno moja: "Safi." Ukiongeza swali la pili anaona anahojiwa polisi. Lakini mpe mpira, hata huu wetu wa matambara, mpige danadana nusu saa, halafu mkae chini ya mti mnywe maji. Hapo ataanza kusema mwenyewe bila kuulizwa. Utajua mwalimu gani anamwogopa, nani anamwonea njiani, na rafiki gani mpya kaanza kumfundisha kuvuta sigara. Mambo haya mzazi hayapati kwa kiboko wala kwa kupekua begi la shule. Yanakuja yenyewe mnapokuwa hamtazamani usoni, mikono ina shughuli na moyo umelegea. Sisi vijana tunalijua hili vizuri, ndiyo maana siri zetu zote zinaishia kijiweni. Kijiweni tunacheza, nyumbani tunahojiwa.

Halafu kuna kufundishwa kushindwa. Watoto wakicheza wenyewe kwa wenyewe, anayefungwa hununa akachukua mpira wake akaondoka, mchezo ukaishia hapo. Baba akiwepo, akafungwa goli tatu na binti yake wa miaka 9, akacheka, akasema "leo umenipata", mtoto anaona kwa macho kwamba kushindwa hakuui mtu. Somo hilo huwezi kulinunua dukani.

Afya nayo isisahaulike. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa kuanzia miaka 5 mpaka 17 apate angalau dakika 60 kila siku za kuchangamsha mwili, na wale wadogo wa miaka 3 na 4 wajimudu kwa jumla ya dakika 180, huku wasikae mbele ya televisheni au simu zaidi ya saa moja. Mtoto wa kijijini anayechunga ng'ombe wala hana tatizo hilo, anakimbia kutwa. Nawasema wa mjini, wanaotoka kwenye basi la shule wanaingia kwenye kochi. Na baba mwenye kitambi, anayekaa kwenye usukani saa kumi na mbili kwa siku, dakika hizo zinamhusu kuliko mtoto.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawapendi kulisema. Katika nyumba nyingi mchezo ni wa watoto wa kiume. Jumapili mchana kaka yuko uwanjani na washikaji, dada yuko nyuma ya nyumba na sufuria, ndoo na mdogo wake mgongoni. Akiomba kwenda anaambiwa mtoto wa kike hazururi. Sasa familia ikitoka pamoja, mama na baba wakiwepo, nani atamwambia anazurura? Siku hiyo vyombo vinangoja, na binti anacheza rede mpaka jasho linamtoka. Ukitaka kujua kama matembezi ya familia yana maana, usimtazame mtoto wa kiume. Mtazame huyo binti anarudi na uso gani.

Na wala msinijie na hadithi ya hela. Kombolela haina kiingilio. Nage, mdako, gololi, kuruka kamba, bao kwa wazee ambao magoti yamegoma, vyote hivyo vinataka kipande cha ardhi na watu wenye hamu. Karatu bado ina bahati ya nafasi na ile hewa yake ya baridi, ingawa Julai upepo na vumbi jekundu vitakukoma. Uwanja wa Mazingira Bora uko palepale mjini, na ndiko lilikokuwa likifanyika lile tamasha la michezo na utamaduni linaloandaliwa mwezi Desemba na taasisi ya Filbert Bayi. Kwa wasiomjua, Bayi ni mzaliwa wa Karatu, mwaka 1953, na mwaka 1974 kule Christchurch, New Zealand, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 akavunja rekodi ya dunia, tena akiwa ameongoza tangu mlio wa bastola! Basi mpeleke mwanao kwenye ardhi iliyomzaa mtu wa aina hiyo, mshindane kutoka goli moja mpaka jingine. Mshindi achague soda.

Wenzetu wa Zanzibar wanalo Forodhani, lililotengenezwa upya 2009 likawekewa na sehemu ya watoto ya kubembea na kuteleza, na jioni utakuta familia zimejaa, babu mpaka kitukuu. Huku bara, viwanja vya wazi tunavimega kila siku tunajenga vibanda na baa, halafu tunashangaa watoto wanacheza barabarani. Kama mtaani kwako kipo kimoja kimesalia, kitumie. Kiwanja chenye watu kila Jumapili si rahisi kukigawa kimyakimya.

Turudi kwa dereva wetu na kreta yake. Raia wa Tanzania analipa kiingilio cha Ngorongoro kwa shilingi, na ni sehemu ndogo sana ya zile dola za mgeni. Mtoto wa chini ya miaka 5 halipi kitu. Kinachouma ni gari, kwa sababu kule chini hushuki na gari dogo, lazima liwe la kuvuta kwa magurudumu yote manne, na kushuka kuna ada yake. Dawa yake ni kuchanga. Familia mbili tatu za mtaa mmoja zinajaza gari moja, gharama inagawanyika. Wanaoshindwa kabisa waishie juu ukingoni, kwenye ile sehemu ya kusimama na kutazama. Kreta yote inalala chini yako, kina cha mita kama 600, upana wa kilomita za mraba zipatazo 260, na mtoto atabaki kinywa wazi.

Wenye makampuni ya utalii nao nina neno nao. Aprili na Mei, masika ikikaza, wageni wanapungua na magari yanalala uani. Mnashindwa nini kutoa mawili matatu siku ikianuka, mkawaambia madereva na wapishi wenu, "Leo pakieni watoto wenu"? Mafuta ya siku moja hayawezi kufilisi kampuni. Na yule mtoto atakayemwona baba yake akieleza habari za faru kwa ufasaha, watu wazima wakimsikiliza, ataanza kumwona dingi kwa jicho jingine kabisa. Pengine hata kazi ya kuongoza watalii ataipenda, badala ya kuona ni kitu kinachomwibia baba.

Mkifanikiwa kushuka, wachezesheni watoto njiani. Wambieni atakayekuwa wa kwanza kuona twiga ana zawadi. Watakodoa macho kutwa nzima, watahesabu nyumbu, pundamilia, viboko na simba, na jioni ndipo mtawaambia kwamba ndani ya kreta twiga hawaishi! Watawanunia kidogo, lakini hawatalisahau. Bebeni masweta, maana kule ukingoni asubuhi ni baridi ya kutetemesha meno. Kushuka kwenye gari hovyo ni marufuku, mpaka mfike sehemu zilizoruhusiwa, kama Ngoitokitok, penye ziwa la viboko na vyoo. Hapo ndipo watu wanapolia chakula cha mchana. Ila chapati zenu zileni mkiwa ndani ya gari, vioo vimepandishwa. Mwewe wa pale wamezoea, wanashuka kama mshale wanapokonya mkononi, na hawaulizi kama wewe ni mgeni au mwenyeji.